Frigo ya chanjo

Marafiki, nimeharibu chanjo ya batoto.

Jana nilipeleka wanafunzi wangu wa uinjinia kwenye kliniki moja hapa Nchelenge, kando ya ziwa, tupime nguvu ya panneau, ile paneli ya umeme wa jua.
Tukachomoa waya wa frigo ya kupozea chanjo.
Na somo lenyewe lilikuwa kutunza umeme udumu!
Tukaondoka bila kurudisha ule waya.

Asubuhi hii nesi akanifungulia frigo. Chupa zote zilikuwa za moto.
"Mwalimu, hizi ni za kutupa. Na bamama utawaambia weye."

Walikuwa nje na batoto wao wa kuchanjwa, wametembea kutoka kijiji cha Kabuta.
Nikawaambia kwa Kibemba changu kibovu.
Hakuna aliyenitukana.

Mumoja akauliza tu, "Basi turudi siku gani?"


Ninyi mungemujibu nini?