Madonge ya Samaki ya Sabato Ile

Wapo watu wanaoona haya wakikumbuka siku walipoteleza kwenye matope mbele ya wakwe, na wapo wanaoona haya wakikumbuka barua walizoandika wakiwa na miaka kumi na saba (hizo nami ninazo, tuziache zilipo), lakini aibu yangu mimi ina harufu, harufu ya samaki aliyekaangwa kwa dania na kitunguu, na kila inaponifikia kutoka jiko la jirani uso huniwaka kana kwamba bado nimesimama pale nje ya kanisa na sinia mkononi, watu wote wakiniangalia. Nimewahi kuisimulia mara mbili tu, na mara zote mbili niliiruka sehemu mbaya zaidi. Leo nitaisema yote.

Ilikuwa katika miaka ya tisini, mwaka ule gugu maji lilipofunika ziwa kule Homa Bay mpaka ukisimama ufuoni ungedhani unatazama shamba la mboga, kijani kitupu hadi macho yachoke, na mashua zimekwama katikati yake kama ng'ombe kwenye tope. Ngege, ambaye watu wa kwetu wakisema "samaki" tu huwa wanamaanisha yeye, akawa adimu. Waliokuwa tele ni mumi, yule kambare mwenye ndevu, na kamongo, maana hao maji yaliyoziba hayawasumbui. Lakini nyumba niliyoolewa haikula mumi. Mama mkwe wangu alikuwa Msabato, na kwao samaki asiye na magamba haingii sufuriani, sawa na nguruwe. Mimi nilikuwa Mkatoliki kutoka upande wa Asumbi, nimelelewa kwa mumi wa kukaushwa kwa moshi, na nilikuwa na miezi minane tu katika ndoa.

Pale nyumbani waliniita Nyar Asumbi, binti wa Asumbi, kama ilivyo desturi yetu ya kumwita mke kwa jina la alikotoka. Mwanzoni akina mama wa kanisa walilitamka jina hilo kama watu wanaotoa mfupa mdomoni. Nilisikia baadaye kwamba walimwendea mama mkwe wakamwuliza kama hakukuwa na wasichana kanisani mpaka kijana wake aende kuokota kwa Wakatoliki, naye akawajibu, "Huyu ni wangu. Mkitaka kumsema, semeni nami." Hivyo ndivyo alivyokuwa. Na mwaka ule, akina mama hao hao walikuwa karibu kumchagua awe kiongozi wao. Hakulitaja jambo hilo hata mara moja, lakini nilimwona akipiga pasi kitambaa chake cheupe cha kichwani mara mbili kwa siku moja, nikajua analitaka kwa moyo wote.

Krismasi iliangukia siku ya Ijumaa. Asiyeishi na Wasabato hawezi kujua maana yake: jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia, moto unazimwa, hakuna kupika tena mpaka Jumamosi jioni. Kwa hiyo chakula chote cha Sabato lazima kipikwe Ijumaa, na Ijumaa yenyewe ni Krismasi, na Krismasi ina midomo yake. Mume wangu alikuwa akiuza mabati na misumari katika duka moja mjini Migori. Aliniletea ngege kumi na mbili wazuri (sijui aliwapata wapi, nami sikuuliza), lakini akaleta pia wenzake sita wa dukani ambao hawakuwa na nauli ya kwenda kwao. Watu wa mabati wanakula! Mmoja wao alimaliza chapati saba huku akituhakikishia kwamba leo tumbo lake halimsikilizi vizuri.

Saa tisa alasiri mama mkwe aliingia jikoni. Kesho baada ya ibada kulikuwa na chakula cha pamoja, kila nyumba ilete kitu, na yetu ilikuwa imepangiwa samaki.

"Nyar Asumbi, samaki waliobaki watatosha?"

Sufuria ilikuwa imefunikwa. Chini ya kifuniko nilijua kuna ngege wawili na nusu, pamoja na vichwa. Ningeweza kufunua akaona. Lakini nilimwona alivyosimama, mikono ameikunja mbele kama mtu anayesubiri jibu la daktari, nikakumbuka maneno ya "huyu ni wangu", na nikafikiri mke mwema ni yule ambaye sufuria yake haipungukiwi.

"Watatosha, Mama," nikasema.

Neno moja tu, nalo ndilo lililonimaliza.

Alipotoka nilikaa nikakipigia hesabu kiporo. Shuleni, katika somo la sayansi kimu, mwalimu wetu alitufundisha kwamba kiporo si taka bali ni chakula kinachongoja kufikiriwa tena, na kweli nilikifikiria. Chapati nne zilizokauka nilizikata nyembamba kama riboni nikazikaanga na kabichi na nyanya, zikawa chakula kingine kabisa. Wali wa jana yake niliuchanganya na unga na sukari nikachoma vitumbua. Viazi vilivyobaki kwenye mchuzi nilivitoa nikaviponda, nikasugua mkate wa Krismasi uliokauka ukawa chenga, nikavunja mayai mawili, nikachambua ngege. Nilitaka kufanya madonge ya samaki, yale ya kukaangwa yakawa mekundu nje na laini ndani. Nikafinyanga. Yakatoka kumi na manne, na ukiyapasua ilikubidi umtafute samaki kwa tochi.

Nikatoka nje kutazama jua. Lilikuwa limebakiza vidole viwili juu ya vilima vya Gembe, na mwanga wake ulikuwa umelala juu ya gugu maji lililochanua, zambarau yote imegeuka kuwa dhahabu, uzuri wa kumfanya mtu alie, nami nililia kweli, ila si kwa uzuri.

Chini ya kitanda changu kulikuwa na kifurushi. Mama yangu mzazi alikuwa amenitumia mumi watatu wa kukaushwa, wamekunjwa kama pete, niwale siku nitakayokwenda Migori kwa mume wangu, mbali na sufuria za mama mkwe. Nilijiambia maneno mengi pale kitandani. Nilijiambia kwamba mumi akichambuliwa hana sura, kwamba magamba hata ngege hakubaki nayo nilipomsafisha, kwamba Mungu anaangalia moyo (na wangu, niliona mimi, ulikuwa umejaa upendo). Kisha nikawachambua wote watatu, haraka haraka, jua likininyatia, nikachanganya. Madonge arobaini na sita. Ya mwisho yalitoka kwenye mafuta wakati mama mkwe anaimba wimbo wa kufungua Sabato sebuleni.

Kesho yake, baada ya ibada, meza ziliwekwa nje kando ya ukuta wa kanisa. Watu walikuwa wameleta viazi vitamu, ndizi za kuchemsha, maharagwe, na mboga za kienyeji zilizolala kwenye maziwa. Sinia langu lilikuwa la kwanza kwisha. Mama mmoja alirudi mara ya tatu huku akijifanya anamchukulia mtu. "Huyu msichana amefanya nini humu?" waliulizana. "Krismasi imetuacha hatuna kitu, yeye anatoa karamu!" Mama mkwe hakula. Alikuwa anatembea kati ya viti na kitambaa chake cheupe, anasema tu, "Ni kiporo hicho, ni kiporo cha jana," kwa sauti ya mtu anayesema ni pilau ya harusi.

Kisha akaniita. Mbele ya wote. "Nyar Asumbi, simama uwafundishe akina mama jinsi ulivyofanya."

Nikasimama na sinia tupu. Nikaeleza viazi, nikaeleza chenga za mkate, nikaeleza mayai, na nilipofika kwenye samaki nikasema "halafu samaki wako" nikapita mbio kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa. Nikapigiwa makofi. Nilikuwa ninakaa pale Mzee Odhiambo, mzee wa kanisa aliyekuwa mvuvi kwa miaka mingi kabla ya kuokoka, alipoacha kutafuna.

Alitoa kitu mdomoni kwa vidole viwili. Akakifuta kwa leso, akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa kipande cha mwiba wa pezi, kifupi, kina meno upande mmoja kama msumeno. Mvuvi yeyote ameshachomwa na mwiba huo, na ngege hana mwiba wa namna ile.

"Nyar Asumbi," akasema taratibu, "huyu ngege wako alikuwa na ndevu?"

Kuna waliocheka, wakidhani ni utani wake wa kawaida. Halafu waliokaa karibu naye wakauona mwiba, na kicheko kikafa kutoka benchi moja hadi jingine. Yule mama wa mara tatu aliweka sahani yake chini, akaisukuma kwa kidole. Mwingine alikwenda nyuma ya kanisa, na tulimsikia.

Kisha mama mkwe wangu, ambaye sikuwahi kumsikia akisema uongo hata kwa mgeni wa kumchosha, akasonga mbele yangu.

"Samaki nilinunua mimi," akasema. "Mtoto alipika alichopewa. Bila shaka huko ufuoni walinichanganyia."

Hapo ndipo ningeshukuru, ningenyamaza, mambo yangekwisha. Lakini kila mtu alijua mama mkwe hununua samaki kwa mtu mmoja tu, naye alikuwa ameketi safu ya pili na watoto wake: Mama Rosa, mjane, muumini wa kanisa lile lile. Vichwa vikamgeukia. Mama Rosa akainuka, sahani ikaanguka.

"Kwangu? Mimi niwauzie watu wa Mungu mumi?" Akamgeukia mama mkwe. "Mama, wiki hii yote hukununua kwangu hata dagaa! Mbona unanifanyia hivi?"

"Mimi tangu zamani nilikuwa na shaka na karai lake," mtu akanong'ona nyuma yangu. Mwingine akaitikia, "Eeh, hata mimi." Kanisa zima lilikuwa likinunua samaki kwake. Niliona wateja wake wakimponyoka mmoja mmoja pale pale alipokuwa amesimama.

Nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, kwamba ni mimi, kwamba mumi walitoka kwetu, kwamba niliwajua, kwamba ngege hawakutosha na mama hakujua lolote. Na niliposema "mama hakujua lolote" nilijiona shujaa kwa muda wa pumzi moja, mpaka nilipoona macho ya watu yakiniacha na kumwendea yeye. Maana kama hakujua, basi samaki hakuwanunua. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa kanisa, siku ya Sabato, amedanganya, tena uongo uliomwangukia mjane. (Hiyo ndiyo sehemu niliyokuwa nikiiruka.)

Mama Rosa ndiye aliyelia. Mama mkwe alimwendea akapiga magoti mbele yake, kitambaa cheupe na vumbi, akamwomba radhi, watu wote wakitazama. Mzee Odhiambo aliufunga mwiba kwenye leso, akasema kwa aibu, kana kwamba kosa ni lake, "Basi, basi. Tumeshiba, tuombe twende."

Jumapili asubuhi nilikuwa ninachambua mboga, mama mkwe akaja akakaa kwenye kigoda upande wa pili wa karai, akachukua fungu lake akaanza kuchambua pia. Kisha akasema, "Jana kulikuwa na ndizi za kuchemsha pale mezani. Uliona mtu amezikataa?"

"Hapana, Mama."

"Ungeniambia hawatoshi, nyathina, tungepeleka ndizi."

Aliniita nyathina, mwanangu, na hilo ndilo lililonivunja. Sabato iliyofuata alisimama akawaomba akina mama waliondoe jina lake. Walimsihi kidogo, si sana. Akachaguliwa mwingine, mama mwema, na mpaka leo mama mkwe hajawahi kunilaumu kwa jambo hilo, nami sijawahi kupata namna ya kumrudishia.

Viporo bado ninapika, sitaki mtu adhani niliviacha. Maisha hayajawa rahisi, na chapati za jana zikikatwa riboni bado ni tamu. Lakini niliapa, na kiapo hicho nimekishika hata pale kinaponifanya nionekane kichaa: wageni wakija, kabla hawajachukua sahani, ninasimama na mwiko wangu ninafunua sufuria moja moja mbele yao ninawatajia kilichomo, kilikotoka, na kilipikwa lini, mpaka kitunguu. Watoto wangu hucheka na kuniambia, "Mama, watu wana njaa." Nami huwajibu wangoje. Na chakula kikiwa kidogo, ninasema ni kidogo.