Shukrani ya Vipimo Safi

Kaka yangu alipoanza kuumwa tulimtibu taifodi. Taifodi ilipokwisha tukamtibu malaria, na malaria ilipokataa kuonekana tukamtibu vidonda vya tumbo ambavyo hakuwa navyo. Sisi watu wa Mara tunakiamini kipimo. Mgonjwa akirudi kutoka hospitali hatumwulizi anajisikiaje, tunamwuliza wameona nini. Kama hawajaona kitu, basi amepona, au alikuwa anadeka tu.

Na kaka hakuwa mtu wa kudeka. Ni mvuvi wa dagaa, nyumba yake iko Kibara, karibu na ziwa. Wazazi wetu walifariki tukiwa bado wadogo, tukabaki watatu: yeye, mimi, na kitinda mimba wetu. Yeye ndiye aliyenipangishia meza yangu ya kwanza ya vitenge pale Musoma mjini. Yeye ndiye aliyemsomesha mdogo wetu hadi akapata kazi Uswidi, kutunza wazee wa watu. Mtu wa namna hiyo akisema anaumwa, unaamka.

Wifi yangu, mke wake, ndiye aliyeniambia kwamba wenzake wanakwenda ziwani yeye anabaki. Anakaa stoo, kwenye nyavu, mlango ameurudishia. Nilipokwenda kumwona nilimkuta mashavu yameingia ndani.

"Kichwa kinawaka moto," aliniambia. "Moyo unakimbiaga tu hata nikiwa nimekaa. Silalagi. Chakula nakulaga lakini hakishuki."

Majirani walishajua chanzo, maana kwetu hakuna jambo linalokosa chanzo. Wengine walisema wenzake wamemwonea wivu kwa samaki wake. Mmoja alijitolea kumpeleka kwa mtaalamu mmoja, mganga wa huko Mugeta. Mchungaji alikuja na jumuiya nzima wakaomba, na kila siku watu walijaa sebuleni, wamekaa naye hadi jua linazama, bila kumwuliza swali hata moja. Mimi nilisema hospitali. Nilijiona mjanja kweli kweli kwa kusema hospitali.

Baba yetu mdogo anaishi Butiama. Ana ng'ombe, ni mzee wa kanisa, na sauti yake haijawahi kuhitaji kipaza sauti. Alimchukua kaka akakae kwake anywe maziwa, ale nyama, apate nguvu. "Mwanaume hafi kwa mawazo," alisema. Kisha akamleta Musoma afanyiwe vipimo vyote, akimaanisha vyote. Damu, mkojo, picha ya kifua, moyo, kila kitu ambacho mashine ingeweza kukiona. Nilikuwa nao pale majibu yalipotoka. Mtoa huduma aliyetusomea alitabasamu kwa nia njema kabisa.

"Mzee, hongera. Huna ugonjwa wowote. Nenda kapumzike."

Baba mdogo alimshukuru Mungu palepale koridoni. Kaka alikuwa akiyaangalia yale majibu kama mtu aliyepewa barua ya mtu mwingine. Niliona, nikadhani ni uchovu.

Basi ikafanyika ibada ya shukrani, Butiama, nyumbani kwa baba mdogo. Kwaya ilikuja. Mbuzi alichinjwa. Mchele niliutoa mimi. Kaka alisimamishwa atoe ushuhuda, amevaa koti ambalo zamani lilimbana na siku hiyo lilimpwaya.

"Namshukuru Mungu," alisema. "Vipimo vyote viko safi."

Hayo tu ndiyo aliyosema. Hakusema amepona. Neno la kupona tulilisema sisi, kwa amina zetu na vigelegele, na mimi vigelegele ninavyo.

Hatukujua kwamba siku ile tulimfungia mlango kwa nje. Kwetu mtu aliyeshuhudia mbele ya kanisa, na watu wakala wakashiba kwa ajili ya ushuhuda wake, hawezi kurudi wiki ya pili akasema bado anaumwa. Atakuwa amemfanya Mungu mwongo, na baba mdogo pia, na sijui watu wangemkasirikia kwa ajili ya nani zaidi. Kaka akarudi Kibara, akaanza kwenda ziwani ili aonekane anakwenda. Wenzake walisema anakaa tu ndani ya mtumbwi, kamba mkononi, havuti.

Halafu asubuhi moja, Jumamosi, wifi alinipigia simu nikiwa nakunjua vitenge.

"Wifi, kaka yako anagawa taa zake."

Asiyejua uvuvi ataona ni jambo dogo. Dagaa huvuliwa gizani kwa mwanga. Mvuvi asiye na taa ni sawa na fundi aliyegawa cherehani. Nilimwuliza anampa nani. Akasema yeyote anayepita. Nyavu nazo ameshamwahidi mtu. "Nikimwuliza, anasemaga hazihitaji tena."

Nilihisi baridi mgongoni, na Musoma ile asubuhi lilikuwa jua la kukaanga yai. Baba mdogo nisingeweza kumpigia. Nikampigia mdogo wetu Uswidi, kwa hasira zaidi kuliko kwa matumaini, maana nilitaka mtu wa kumlalamikia. Nikamweleza vyote, mpaka mbuzi. Nikamwambia nitakwenda Kibara Jumatatu, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya mauzo.

"Dada, nenda leo," akasema.

"Meza yangu nimwachie nani?"

"Dada. Funga. Nenda leo. Huo ugonjwa ninao. Miaka sasa. Nameza dawa kila siku."

Nilikaa kwenye kigoda cha wateja. Huyu ndiye mtoto tunayemtaja kwenye kila harusi! Picha yake akiwa kwenye theluji iko ukutani kwa baba mdogo, juu ya kalenda.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mngesema nini? Mngesema nimeshiba."

Sikubishana naye, kwa sababu ndicho hasa ambacho ningekisema. Nilifunika vitenge, nikamwomba jirani yangu wa kanga aniangalizie, nikaondoka.

Nilifika Kibara mchana. Kaka alikuwa amenyoa ndevu, amefagia stoo, ametulia kuliko nilivyomwona tangu aanze kuumwa. Wifi alifurahi akidhani ni nafuu. Mimi ule utulivu sikuupenda, ingawa nisingeweza kusema kwa nini. Nikamwambia kuna daktari wa ugonjwa huu Musoma, tunakwenda.

"Nilishashukuru," alinijibu. "Mbele ya kanisa. Nikirudi hospitali baba mdogo ataweka wapi uso wake? Mbuzi walimla."

"Huyo mbuzi ndiye atakayekuzika?"

Alitaka kucheka, kicheko kikaishia puani. Akatikisa kichwa. Nikabembeleza, nikagomba, nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na wifi akaanza kulia bila kujua analilia nini. Kaka hakusogea. Mwisho nikapiga simu ya video kwa mdogo wetu, nikaishikilia mbele ya uso wake.

Alionekana amekaa jikoni kwake, amevaa sweta, dirisha nyuma yake limeshaingia giza la majira ya baridi na kule ulikuwa bado ni mchana. Hakusalimia kwa maneno mengi. Aliinua kopo la vidonge.

"Shikamoo kaka. Hii ni dawa yangu, ya ugonjwa wako."

Kaka aliishika simu mwenyewe. "Wewe pia? Kichwa kinakuwakia?"

"Mimi siyo kichwa. Mimi nilikuwa nalia kwenye basi nikienda kazini, sijui nalilia nini. Asubuhi mwili unakuwa mzito, kuoga tu ni kazi."

"Walipima nini?"

"Hawakupima, kaka. Walikaa na mimi wakaniuliza maswali tu."

"Wakaamini?"

"Waliamini."

Kaka, mtu aliyechomwa sindano zile zote, akatolewa damu mikono yote miwili, alikuwa akijaribu kuielewa nchi ambako unasema unaumwa na inatosha. Mdogo wetu akaendelea kumweleza kwamba alipewa mapumziko kazini na mshahara haukukatika wote, na kwamba kuna mama mmoja alikuwa akiongea naye kila wiki, mara nyingine kwenye kompyuta.

"Vizuri," kaka akasema. "Na nani alikuja kukaa na wewe?"

"Huku watu hawajagi, kaka. Jirani yangu hata jina langu halijui. Dokta aliniuliza ndugu zangu wa karibu wako wapi. Nikawataja ninyi. Akauliza mnakaa umbali gani. Nikamwambia. Akaandika."

Kaka alimtazama kwa muda, uso wake karibu kabisa na kioo. Kisha akanirudishia simu na kumwambia wifi amletee shati.

Usiku ule alilala kwangu Musoma, na mimi nilijilaza mlangoni. Jumatatu tukaenda kliniki. Niseme ukweli: mimi niliyemgombeza kwa kuogopa macho ya watu, nilijifunika kitenge hadi puani nilipoona benchi tulilotakiwa kukaa. Pembeni yetu mama mmoja alikuwa amemshika kijana wake kwa mkanda wa suruali, asikimbie. Nikawaza, sisi hapa tunafanya nini? Kaka wala hakugeuka. Alikaa wima, kofia juu ya magoti.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini. Kaka alipofungua mdomo kusema kichwa, yeye akauliza kama kinawaka.

"Kinawakaga."

"Na kama vile kuna vitu vinatembea?"

Kaka alinigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyetoboa siri. Daktari akatueleza kwamba wagonjwa wake wengi wa huku huanza kwa moto wa kichwa, moyo kukimbia, tumbo kujaa, na hufika kwake wakiwa wameshatibiwa taifodi mpaka basi. Kwingine watu huanza kwa kusema wana huzuni. Ugonjwa ni ule ule, akasema, unaitwa sonona. Neno hilo sijawahi kulisikia sokoni. Nilimwambia kuhusu dawa ya mdogo wetu. Akasema anaijua, ni nzuri, lakini iliyopo hapa ni hii ya zamani: inakausha mdomo, inaleta usingizi, na nafuu itachelewa, wiki kadhaa, kwa hiyo asije akaiacha akidhani haifanyi kazi. Yeye peke yake anahudumia watu wa wilaya zaidi ya moja, hawezi kumwona kila wiki.

"Mtu wa kuongea naye nitakuwa sina kwa sasa," akasema, akanitazama mimi. "Atakuwa wewe na mke wake. Asikae peke yake."

Tulipotoka nje simu ikaita. Baba mdogo. Habari ilishafika Butiama kabla hatujafika getini.

"Nasikia umempeleka mwanangu kwa vichaa. Kwa hiyo Mungu tulimshukuru bure?"

Nilikuwa na majibu mengi na yote hayamfai mzee. Nikasema, "Shikamoo baba, mtandao unasumbua," nikazima. Mpaka leo hatujaongea vizuri, na inaniuma, kwa sababu ninajua kwamba alimpenda kaka kwa njia aliyoijua.

Tukapanda basi hadi Bunda, tukasubiri gari la Kibara. Nilinunua chai na chapati, tukakaa kwenye benchi la mama ntilie. Kaka alimeza kidonge chake cha kwanza kwa chai ya rangi. Kisha akasema, macho yake kwenye magari:

"Ungesubiri hadi leo Jumatatu usingenikuta."

Nilidhani anasema angekuwa ziwani. Nikafungua mdomo kumjibu hivyo.

"Nilikuwa nimeshachagua siku," akasema. "Jumapili, mkiwa kanisani."

Chapati niliirudisha kwenye sahani. Sikulia pale, nililia baadaye. Pale nilimshika tu mkono, kitu ambacho dada wa kwetu hamfanyii kaka yake mbele ya watu. Hakuutoa. Akasema nisimwambie wifi. Halafu akakaa kidogo, akanyoosha mkono wa pili.

"Nipe simu. Mpigie yule."

"Mdogo wetu yuko kazini saa hizi."

"Mpigie. Hakuna aliyemwuliza."

Nikampigia, nikaweka spika, akapokea. Nyuma yake kulisikika vyombo, na mzee wa Kizungu akiita. Kaka hakumsalimia. Alimwuliza kwa lugha ya nyumbani, taratibu, kama unavyomwuliza mtu kama amekula:

"Na wewe umeshachagua siku?"

Vyombo viliacha kugonga. Nilisikia mlango ukifungwa kule, kisha sauti yake, ndogo.

"Dokta huniulizaga hilo. Namwambiaga hapana."

"Sijakuuliza unamwambiaga nini dokta."

Nilisikia akivuta kiti, akikaa.

"Bado," akasema. "Kaka, usikate simu."

"Sikati."

Gari la Kibara likaja, kondakta akatuita, likajaa, likaondoka bila sisi.