Gauni la Kufia

Mvuke wa pasi ukigusa mahameli hutoa harufu kama ya nywele zilizonyeshewa. Nimeisikia leo asubuhi kwa dobi huku Randburg, na papo hapo nikawa tena mtoto, sakafuni katika chumba chetu cha mtaa wa Bertrams, kando ya cherehani ya mama.

Mteja wake siku ile ninayoikumbuka alikuwa bibi mmoja wa Kitaliano, mwigizaji. Alivaa gauni jeusi ambalo mama alikuwa amemaliza kulishona, akainua mikono, kisha akaanguka chali. Hakupumua. Rangi ilimtoka usoni, naapa.

"Yesu wangu! Mama, amuka!" Mama alimpigia yowe yule bibi, akapiga magoti, akamwekea mikono kichwani, akaomba kwa sauti ya kanisani mpaka jirani akagonga ukuta.

Bibi akafungua jicho moja.

"Kwapani panabana," akasema kwa Kiingereza chake cha kuimbaimba. "Tangu nikiwa msichana kule Italia nakufa jukwaani na kwenye filamu. Gauni la kufia nalijaribu kwa kufa."

"Eish," mama akasema, na akachukua pini, akaanza kurekebisha mshono wa kwapani.

Siku ya onyesho yule bibi alitupatia viti vya mbele. Alipoanguka, ukumbi mzima ulilia, na mimi niliyemwona akifa na kufufuka nyumbani kwetu nililia kuliko wote. Mama hakulia. Aliinama mbele, macho yote kwapani kwa yule bibi, akanibana mkono.

"Mshono umeshika," akaninong'oneza, na ndipo naye akaanza kulia.