Foleni ya Tarehe Ishirini na Tano

Jirani yangu alikuwa mlipaji mishahara wa jeshi, na mpaka leo, kila tarehe ishirini na tano, hupiga pasi shati, hutoa meza nje barazani na kukaa wima, kalamu sikioni. "Hata vitani hatukuchelewesha siku moja," huniambia, utadhani nimembishia. Mwezi uliopita mzee mmoja mwenye mkongojo alisimama mbele ya meza hiyo, akakaza mgongo, akapiga saluti na kutaja namba yake ya jeshi. Jirani hakumuuliza jina. Alilitaja yeye mwenyewe kwa kumbukumbu, tena pamoja na la mke wa mzee huyo. Kisha akanyoosha shingo, akachungulia getini.

"Wamebaki wangapi nyuma yako?"

Mzee aligeuka, akaitazama njia tupu.

"Ni mimi tu, afande."