Clotilda Aliposema "Mimi"

Zamani mtu aliyejitaja mwenyewe kwenye kazi ya wengi aliambiwa aketi chini, na siku hizi asiyejitaja ndiye anayeketi nyumbani na shahada zake mbili.

Namsema Clotilda, binti wa jirani yangu Matiasi, hapa Murukulazo. Alisomea usimamizi wa mazingira mpaka shahada ya uzamili. Aliporudi, baba yake alitarajia gari la ofisi lije kumchukua, kama lilivyokuwa likiwachukua wasomi wa enzi zetu. Halikuja. Akaanza kutuma maombi migodini, halmashauri, kwenye mashirika. Wengi walikaa kimya. Waliojibu walisema wanataka mtu mwenye uzoefu, bila kueleza uzoefu huo unapatikana wapi kama hakuna anayekupa kazi.

Hakukaa bure. Chemchemi yetu ilikuwa karibu kukauka, maana tulikuwa tumepanda mikaratusi hadi ukingoni, kila mmoja akiwaza nguzo na mbao. Clotilda alipita nyumba kwa nyumba. Aliketi jikoni na wanawake, akamenya nao ndizi, akawaeleza jinsi mti ule unavyokunywa maji. Alianza na baba yake, naye akakata ya kwake. Akafuata Nyirabahizi, mjane ambaye wazazi wake walikimbilia huku kutoka Rwanda, mbishi kuliko sote, akaikata mikaratusi aliyoitunza kwa ajili ya paa la nyumba yake. Baada ya huyo, nani angekataa? Tukapanda miti ya asili, na maji yakarudi. Wanawake wakaacha kuteremka bondeni na ndoo.

Ndipo mradi mmoja wa kurudisha misitu kule Kaniha, wilayani Biharamulo, ukatangaza nafasi ya afisa mazingira. Clotilda aliitwa kwenye usaili, akaulizwa amewahi kufanya nini. Akajibu kama alivyolelewa, kwamba walijaribu kidogo na wazazi pale kijijini. Kwetu ndivyo anavyosema mtu mwenye adabu. Hata ukijenga nyumba peke yako, ukisifiwa unasema tumejaribu. Wasaili wakaona hana alichofanya. Kazi akapewa kijana mwenye picha nyingi za kushika miche.

Derick, mjukuu wa ndugu yangu, anafundisha wahitimu namna ya kutafuta kazi. Alikuja kumshauri Clotilda uani kwetu, nami nikasikiliza. Mengine yalikuwa ya maana: wasifu wake uwe mfupi, aisome sheria ya mazingira, ajue kuchora ramani kwa kompyuta, awatembelee waliomtangulia kazini badala ya kungoja matangazo. Kisha akafika kwenye lile analoliona kubwa.

"Ukiulizwa, dada, sema mimi. Mimi niliongoza, mimi nilirudisha maji. Hiyo 'tulijaribu' yenu itakuzeesha nyumbani kwa baba."

Nikamwambia huko ni kujipiga kifua.

"Babu," akacheka, "siku hizi kifua ndicho kinachoajiriwa."

Yule kijana wa picha hakudumu Kaniha, nafasi ikatangazwa tena. Clotilda akaenda, akasema mimi. Wakafurahi. Wakamwambia kazi ni yake, ila kwanza watakuja kuiona hiyo chemchemi na kuzungumza na wananchi. Derick akamwambia awahi kutueleza la kujibu.

"Niwaendee wazee niwaambie wanisifu?" Clotilda alisema. "Hilo siwezi, kaka."

Kwa hiyo hatukuambiwa kitu. Tulijua tu kwamba wageni wa Clotilda wanakuja. Tulivaa nguo za kwendea misani, wanawake wakapika ndizi na maharage. Mkubwa wa wageni alikuwa mama mmoja mpole. Akasimama kando ya maji akauliza ni nani aliyeyarudisha.

Nyirabahizi akainuka. "Ni sisi wote, mama. Hapa hakuna mmoja."

Tukapiga makofi. Kwetu hiyo ndiyo heshima ya juu: humtaji aliyetenda jema mbele ya wageni, usije ukamwachia macho ya watu wenye husuda. Matiasi naye akaitikia kwa kichwa, kwani baba hamsifu mwanawe hadharani. Clotilda alitazama chini. Yule mama akauliza tena kama hakukuwa na kiongozi.

"Tulisaidiana tu," Nyirabahizi akasema, akijua anampamba mtoto wetu.

Uso wa Clotilda ndio ulionishtua, nikakumbuka ile "mimi" ya Derick. Nikawafuata wageni mpaka kwenye gari, nikamweleza yule mama kwamba huku tukisema sisi tunamsifu Clotilda.

"Mzee, tumewauliza mara mbili," akanijibu kwa upole. "Asante kwa chakula." Mlango ukafungwa.

Jibu lililokuja lilisema mwombaji alitoa maelezo yasiyo ya kweli. Msichana aliyeshindwa hata kutuomba tumsemee aliitwa mwongo na watu waliokula ndizi zetu, na jina hilo likamfuata kila alikoomba kazi.

Nyirabahizi alipopata habari alikwenda kusimama kwenye ua wa Matiasi. "Ningejua," alisema, "ningesema hata maji yenyewe aliyabeba begani." Matiasi hakumkaribisha ndani. Watu walioshiriki kazi na pombe ya ndizi miaka yote wakawa wanapishana njiani bila salamu. Ujirani wetu ulikufa kwa adabu yetu wenyewe, nami simlaumu Nyirabahizi. Nawalaumu wanaoiita adabu hiyo ukosefu wa uzoefu.

Mara ya mwisho niliwaona Matiasi na binti yake asubuhi ya soko, wakipakia majembe na mbegu za mahindi kwenye lori la kwenda Kaniha, ambako shemeji yake Matiasi aliwapa mahali pa kulima. Clotilda alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Nyirabahizi akaja na mkungu wa ndizi za safari, akaupandisha mwenyewe. Clotilda akamshukuru kwa mikono miwili. Matiasi akaushusha, akauweka kando ya barabara, akapanda, na lori likaondoka.