Gego Lililolala Ubavu

Mtaani walimwita Misumari, na jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa fundi makochi, na kwa miaka zaidi ya thelathini alifanya kazi akiwa amebana misumari midogo kumi, kumi na mitano, kati ya midomo yake. Ulimi unausogeza mmoja mbele, kidole kinaupokea, nyundo inagonga, na papo hapo mdomo unaendelea kupiga soga kwa upande uliobaki. Wateja walileta kiti kimoja kilichochanika wakakaa saa mbili nzima kwa utamu wa maneno yake. Mkewe alikuwa akisema kwamba mume wake atanyamaza siku ya kuzikwa, na hata siku hiyo hakuwa na uhakika nayo.

Kwa hiyo aliponyamaza, nyumba nzima ilishtuka.

Ilikuwa Jumapili mchana. Bintiye, kitinda mimba, alikuja kumwambia kwamba kuna kijana, mwalimu wa hesabu, anayetaka kuja kujitambulisha. Baba alimsikiliza shavu likiwa limeegemea kiganja. Akaguna. Akanyanyuka, akaenda zake karakana ingawa ilikuwa siku ya mapumziko. Kesho yake hakusema neno, wala keshokutwa. Wiki ikapita, ikaja nyingine. Akiulizwa jambo anaitikia kwa kichwa. Binti akaanza kukonda.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alimwambia mama yake. "Baba hamtaki. Anatafuta tu namna ya kuniambia."

Kumbe kimya kile hakikuwa na uhusiano wowote na mwalimu wa hesabu. Nyuma kabisa ya taya la chini, upande wa kushoto, kulikuwa na gego ambalo badala ya kumtafunia chakula lilikuwa linamtafuna yeye. Lilianza kama kero, likawa maumivu yanayopanda hadi sikioni. Alisukutua maji ya chumvi, akabana karafuu, akahamia kutafunia upande wa kulia. Kusema kulimuuma, basi akaacha kusema. Na kukiri kwamba anaumwa maana yake ni kwenda kwa daktari wa meno, mahali ambapo alikuwa ameapa tangu utotoni kwamba hatakanyaga.

Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, kaka yake mkubwa aliumwa jino. Akaitwa mtu mmoja mwenye koleo, aliyesifika kwa nguvu za mkono. Wanaume wawili walimkandamiza kaka mabega, na yeye, mdogo mtu, akaambiwa ashike miguu. Aliishika. Jino likavutwa, likakatika katikati, likavutwa tena. Ule mlio wa kukatika ulimkaa masikioni miaka yote. Kaka alipona baada ya miezi kadhaa, taya limepinda kidogo, na hawakulizungumzia tena jambo lile.

Asubuhi moja mkewe alimwona akipenyeza kijiko cha uji mdomoni kiubavuubavu, kama mtu anayeingiza barua chini ya mlango.

"Hebu fungua mdomo."

Mdomo ulifunguka upana wa kidole kimoja, ukagoma. Shavu lilikuwa limeumuka kama unga uliotiwa hamira.

"Baba watoto! Mficha maradhi kifo humuumbua. Vaa shati twende."

"Nina kochi la watu..."

"Kochi halina homa. Wewe unayo. Vaa shati."

Daktari wa meno alikuwa mwanamke mwembamba, rika la binti yake, mwenye sauti ya chini. Misumari alikuwa ameshakunja ngumi kungoja koleo, lakini koleo halikuonekana. Alipigwa picha ya eksirei, kisha daktari akaigeuza skrini imwelekee yeye.

"Mzee wangu, tazama. Meno yako yote yamesimama. Hili la mwisho je?"

"Limelala."

"Limelala ubavu, chini ya ufizi, linamsukuma jirani yake. Lilikosa nafasi ya kuota. Chakula kinaingia hapa pembeni, hakitoki, kinaoza, usaha unajaa. Ndiyo maana mdomo haufunguki."

"Sasa utalivuta?"

"Silivuti. Jino lililolala hivi ukilivuta kwa nguvu linakatika, na taya linaumia. Kwanza utameza dawa siku tano uvimbe upungue, maana ganzi haishiki vizuri penye usaha. Ukirudi nitakutia ganzi, nifungue ufizi, niondoe mfupa kidogo unaolifunika, nilikate vipande viwili, nitoe kimoja kimoja. Halafu nashona."

Misumari aliitazama ile picha kwa muda. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili, akasema maneno mengi kwa mpigo.

"Ni kama mguu wa kochi uliovunjikia ndani ya fremu. Asiyejua anauvuta, anapasua mbao zote. Anayejua anafungua kitambaa, anatoa sponji, anaukata hukohuko uliko. Unatoka wenyewe."

Daktari akacheka. "Wewe ungefaulu mtihani wangu, mzee."

"Unashonea uzi gani?"

Akaonyeshwa. Akauvuta kwenye mwanga, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndipo daktari akaacha utani, akamweleza kwamba chini ya mizizi ya jino lile unapita mshipa wa fahamu, na kwamba huenda mdomo wa chini ukafa ganzi kwa wiki kadhaa, na kwa watu wachache zaidi ya hapo. "Nakwambia sasa, usije ukashtuka baadaye."

Ajabu ni kwamba maneno hayo yalimtuliza kuliko ambavyo ahadi yoyote ingemtuliza. Anayekutajia kinachoweza kuharibika, alifikiri, ndiye fundi aliyekwisha kuifanya kazi hiyo mara nyingi.

Siku ya operesheni alisindikizwa na binti yake. Walikaa kwenye benchi la korido, yeye akihesabu vigae vya sakafu, binti akisokota mkanda wa mkoba.

"Baba, kama humtaki, sema tu. Nitaelewa."

"Simtaki nani?"

"Mwalimu."

Misumari akamgeukia. "Mwanangu, siku ile sikusikia hata nusu ya ulichosema. Nilisikia 'hesabu', basi. Jino lilikuwa linanipiga nyundo mpaka kwenye jicho."

Binti alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na kilio kikawa hasira. "Wiki tatu, baba! Wiki tatu namwambia asije!"

Hakujitetea. Akamweleza habari za koleo, jambo ambalo hata mkewe hakuwahi kulisikia. "Nilimshika baba yako mkubwa miguu. Alinipiga mateke nimwachie, na mimi sikumwachia. Tangu siku hiyo sijamfungulia mtu mdomo wangu atazame meno."

Binti akaufunika mkono wa baba yake kwa wake. Wakakaa hivyo mpaka muuguzi alipowaita.

Ganzi iliufanya mdomo uwe mnene, kama wa kuazima kwa mtu mwingine. "Utasikia kusukumwa," daktari alisema, "maumivu hutasikia. Ukiyasikia, inua mkono." Mashine ikalia. Taya likasukumwa huku na huku. Halafu, waa! Gego likakatika, mlio uleule wa utotoni, sasa ndani ya kichwa chake mwenyewe. Mwili ukakakamaa kungoja maumivu. Hayakuja. Yaliyokuja ni machozi.

Daktari akasitisha kazi. "Unaumia?"

Akatikisa kichwa kukataa.

"Tuendelee?"

Akainua kidole gumba. Akawaza kwamba kaka yake hakuulizwa na mtu. Yule mwenye koleo hakuwa katili. Hakujua jino limelalaje huko chini, na mikono yake ilikuwa na haraka kuliko macho.

Alirudi nyumbani na kipande cha shashi cha kuuma ili kuzuia damu, na karatasi ya masharti: asiteme mate kwa nguvu, asifyonze kitu, aweke kitambaa cha baridi shavuni, ale vyakula laini vilivyopoa. Siku ya tatu uvimbe ulizidi. Kwa kuwa alishaambiwa utazidi, hakuhangaika. Siku ya nne alimpigia kaka yake simu.

"Kaka, siku ile ya jino, aliyekushika miguu ni mimi. Nisamehe."

"Wewe? Mimi nilidhani yule jirani mwenye kipara! Nimemchukia bure miaka arobaini!"

Walicheka mpaka mshono ukamvuta. Kicheko kilipokwisha, kaka akasema taratibu, "Ulikuwa mtoto. Uliambiwa ushike, ukashika."

Mwalimu wa hesabu alikuja wiki mbili baadaye, shati limenyooshwa mpaka linakwaruza. Misumari alikuwa na deni kubwa la maneno, akalilipa lote siku hiyo: alimuuliza kijana habari za wazazi, za shule, za watoto wanaoogopa hesabu, mpaka mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza. Kidevu upande wa kushoto kilikuwa bado hakina fahamu. Akanywa chai, na chai ikamchuruzika mpaka kwenye kola bila yeye kujua. Binti akainamisha uso kwa aibu. Kijana akatoa leso, akajifuta kidevu chake kikavu polepole, akimtazama mzee machoni, kisha akairudisha leso mfukoni kana kwamba hakuna lililotokea.

Misumari akagusa kidevu chake. Akajifuta. Akamtazama kijana yule kwa muda mrefu, akaweka kikombe chini.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Nakusikiliza."