Pua ya Mama na Gari la Mkate

Mama yangu hana cheo chochote Unguja, lakini ana pua. Akiingia nyumbani kwa mtu anajua kwamba sambusa zimekaangwa kwa mafuta ya jana, na anajua nani aliazima buibui lake akaenda nalo harusini bila ruhusa. Kwa hiyo aliponipigia simu Guangzhou kuniambia anakuja kuniangalia, kitu cha kwanza nilichofanya ni kunusa chumba changu.

"Nnakuja wiki mbili," alisema. "Nikikuta unaishi maisha ya kueleweka, nitakuacha na viatu vyako. Nikikuta uvundo, unafunga mizigo, tunarudi sote. Na sitaki mjadala."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwaka wa pili huo napeleka viatu Dar, na kurudi sikutaka hata kidogo. Ile kazi niliipenda. Nilipenda hata makelele ya wauza viatu kule jirani na stesheni ya treni. Tatizo ni kwamba katika kujisifu kwangu nilikuwa nimeshamwambia mama kuwa nina gari, tena la kiyoyozi.

Gari lenyewe lilikuwa la kuachiwa. Mwenye duka tulikonunua viatu, ambaye tulimwita laoban kama wenye maduka wote wanavyoitwa kule, alikuwa ametajirika, kanunua gari jeusi refu. Kigari chake cha zamani akatuachia mimi na jirani yangu Mkongo, mtu wa Lubumbashi, muuza viatu mwenzangu, ambaye ndiye aliyekuwa na leseni. Wachina huliita gari la aina ile gari la mkate, kwa kuwa limekaa kama boflo. Kiyoyozi kilikuwepo, sikusema uongo. Ukikiwasha kilidondosha maji mapajani kwa abiria wa mbele.

Siku kumi kabla mama hajafika tukaliosha, na hapo ndipo tulipojimaliza. Tuliliosha kama watu wanavyoosha baraza: milango wazi, ndoo nne za maji ya sabuni ndani, na fagio la chelewa nililotoka nalo nyumbani. Mkongo alisugua viti kwa brashi huku akiimba nyimbo za kanisani kwao. Gari likanukia. Tukasimama kando tukilitazama kwa fahari, kama wazazi wa bwana harusi.

Sasa, ulikuwa mwezi wa tatu. Kule, mwezi wa tatu una majuma ambayo hewa ya joto hurudi kutoka kusini na mji mzima ukatoka jasho. Kuta zinatiririka, ngazi zinateleza, nguo uliyoianika Jumatatu unaivaa mbichi Ijumaa. Haya yote nilikuwa nimeyaona mwaka uliotangulia. Nilisahau tu, ndio ubinadamu.

Kesho yake vioo vyote vilikuwa na ukungu kwa ndani, na zulia ukilikanyaga linatoa maji na sauti. Keshokutwa yake ikaja harufu ya mbuzi aliyenyeshewa.

"Dada, hii motoka iko inalia," Mkongo akasema. "C'est grave, ni mubaya sana."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kwetu kitu kikiwa na unyevu unafungua madirisha, upepo unapita, kwisha. Tukafungua yote, na mlango wa nyuma juu yake, kutwa nzima. Jioni dari lilikuwa linadondosha. Laoban akapita, akatuona, akajishika kichwa. Kwa Kichina changu cha sokoni na kwa mikono yake tukaelewana: maji yamo hewani huko nje, na nyinyi mnayakaribisha ndani! Fungeni! Nikatazama juu. Kumbe jengo zima lilikuwa limefunga madirisha, na mtaa mzima, isipokuwa sisi wawili. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Tukafunga. Likabaki suala la maji yaliyokwisha kuingia. Zulia tuliling'oa tukalitupa. Tukatandika magazeti, yakawa uji. Mkongo akamwaga mchele kilo tano chini ya viti, kwa kuwa mama yake huweka punje za mchele ndani ya kopo la chumvi isishikane. Mchele ukavimba, ukaanza kunuka togwa. Tulikuwa tumebakiwa na siku tano, gari linanuka mbuzi aliyelewa, nami nikakaa chumbani kwangu katikati ya maboksi ya viatu, nikalia kwa hasira.

Nikiwa nalia nikafungua boksi moja, sijui kwa nini, pengine nilitaka kitu cha kurusha. Ndani ya kiatu nikaona kile kipakiti cheupe chenye punje za kunyonya unyevu, ambacho kila mtu hukitupa. Kilio kikakatika. Mle chumbani mlikuwa na jozi mia tatu za viatu vya kiume vya ngozi zikisubiri kusafirishwa, na kila boksi lilikuwa na vipakiti viwili.

Ilituchukua kutwa nzima. Vipakiti mia sita tukavijaza kwenye soksi, tukazifunga mafundo, tukazipanga chini ya viti na mbele kwenye kioo, nyingine tukazining'iniza darini.

"Dada, weye ni ingénieur," Mkongo akasema, nami nikaamini.

Siku ya siku mama alitoka uwanja wa ndege, akapanda mbele, akainua pua. Mimi nyuma nilikuwa nimeacha kupumua. Akanusa kiti, akanusa mlango, akanusa soksi moja iliyokuwa ikimgonga utaji.

"Gari kavu," akasema. "Lina soksi nyingi, lakini kavu."

"Karibu sana, Maman!" Mkongo akapiga honi kwa furaha. Nilimshukuru Mungu njia nzima.

Tulipofika kwangu tukapanda ngazi. Ghorofa ya pili mama akasimama, mkono kwenye reli. Chumba changu kilikuwa ghorofa ya nne.

"Kuna nini huko juu?" akauliza.

Nilifungua mlango, nikafungua boksi la kwanza. Viatu vilikuwa vimeota ndevu za kijani. La pili hivyo hivyo, na la kumi. Jozi mia tatu za mashekhe.

"Basi mama," nikasema. "Nitafunga mizigo."

Mama alishika kiatu, akakigeuza, akatia vidole ndani. "Umetoa dawa kwenye bidhaa ukaipa gari," akasema polepole, "ili miye nisisikie harufu?"

"Ndiyo."

Mama alicheka mpaka akakosa pa kujishika, akakaa juu ya boksi, boksi likabonyea naye. Alipomaliza kucheka akavua buibui. "Siki ipo?"

Tulifuta viatu siku nne, sisi watatu, kwa siki na matambara, madirisha yamefungwa, na mama akichoma udi aliokuja nao kwenye sanduku. Laoban alipokuja kutazama, mama alimwamrisha kwa Kiswahili alete vipakiti vingine. Akavileta gunia zima. Mpaka leo sijui walielewana vipi.

Jioni ya siku ya nne nikajikaza nikamuuliza: "Kwa hiyo tunarudi?"

"Mtu anayehangaika hivi ili abaki," akasema huku akikagua soli, "nikimrudisha nyumbani atanisumbua miye. Kaa na viatu vyako."

Niliruka nikamkumbatia na siki yake mikononi.

Wiki mbili zilipokwisha tukampeleka uwanja wa ndege. Soksi zilikuwa mahali pake, zina vipakiti vipya. Hata hivyo, tukiwa njiani vioo vikaanza kushika ukungu. Mkongo akafuta cha mbele kwa kiganja, akafuta tena, akalalamika kwamba laoban katuletea vipakiti vibovu, kisha akageuka nyuma kutazama. Mimi na mama tulikuwa tumeshikana mikono tukilia, pua zote mbili zinachuruzika. Aliteremsha kioo chake hadi chini, ingawa laoban alishatukataza.